Reçu Isiyo na E

Wenzangu wanacheka nikisema nimestaafu. Nina miaka ishirini na saba, sina unywele mweupe hata mmoja, na hakuna aliyenifanyia sherehe. Lakini kazi ya sekretaria ya Kirolirwe nimeiacha, ufunguo nimemkabidhi mwingine, na sitairudia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mtakaokaa kwenye ile meza baada yangu. Meza yenyewe ina mguu mmoja mfupi. Msiuwekee jiwe, maana jiwe huteleza mkigonga mhuri. Wekeni kipande cha ndala.

Kwa asiyejua, sekretaria ya kwetu si ofisi ya serikali. Ni chumba cha mbao chenye kompyuta, mashine ya kutolea kopi na paneli ya sola juu ya bati. Mtu huja kuandikiwa barua, kutoa kopi ya diploma, na zaidi ya yote kupangiwa dosie, yaani bahasha ya makaratasi ya kuomba nafasi katika shule kuu, vile vyuo vya Goma. Nilifika pale nimetoka kumaliza graduat, ile miaka mitatu ya chuo, ya ualimu, nikingoja shule yoyote iniite kufundisha. Wazazi wangu ni watu wa Ntoto, upande wa Walikale, waliokimbia vita wakaishia Kirolirwe, milimani Masisi, kati ya mashamba ya maharagwe na nyua za ng'ombe wa watu wengine. Nilijiambia nitakaa sekretaria mwezi mmoja. Hakuna shule iliyoniita, na sikuacha kufikiri kwa nini. Nilifikiria mwandiko wangu, jina langu, sehemu niliyozaliwa, hata rangi ya kalamu niliyosainia. Nimezaliwa hivyo. Jambo likishaingia kichwani mwangu halipati mlango wa kutokea.

Mwenye sekretaria, Papa Kubuya, alikuwa amepiga taipureta maisha yake yote, na kompyuta aliipiga kana kwamba imemtukana. Siku ya kwanza hakunionyesha kompyuta. Alinipa pasi ya makaa. Diploma za kwetu zinakaa juu ya jiko pamoja na mahindi ya mbegu. Zinalala porini watu wakikimbia, zinavuka mito kichwani mwa mtu. Zinafika zimejikunja na zina rangi ya chai. Ukizitia kwenye mashine hivyo, kopi inatoka nyeusi, na huko Goma wanaitupa. Basi unaziweka kati ya vitambaa viwili, unazipiga pasi ya uvuguvugu kwa upande wa nyuma, wala hupiti juu ya mhuri, kwa sababu wino wa mhuri hauvumilii moto. Nilimuuliza kwa nini chuo kizima hakikunifundisha jambo hilo.

"Kule walikufunza kusoma karatasi," akasema. "Hapa kwanza tunaiponyesha."

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilitoka Ntoto. Ilikuwa diploma ya binti fulani, imefungwa ndani ya mfuko wa unga na imeloa hadi herufi zimehama. Niliitibu tangu asubuhi mpaka mchana, jina likarudi, asilimia ya mtihani haikurudi. Tulimwandikia mkuu wa shule, ambaye naye alikuwa amekimbia. Sijui kama barua ilimpata. Kesi za namna hiyo ni nyingi, na mtajifunza kuzifunika ili muweze kula.

Chombo cha pili ni simu. Pale Kirolirwe mtandao haukai, unapita tu. Wateja wengi hawana simu, ao wanayo na haikamati kitu, kwa hiyo kwenye kila dosie tuliandika namba ya sekretaria. Majibu ya kilima kizima yalikuja kwenye simu moja ndogo yenye vibonyezo. Ili ipokee, tuliipeleka juu, kwenye uwanja wa ng'ombe, tukaining'iniza kwa kamba kwenye nguzo ya pembeni ya uzio. Ukiishika mkononi haikamati. Ukiining'iniza inakamata. Papa Kubuya alisema simu inapenda kukaa peke yake kama yeye. Kuna ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika anayependa kuilamba, kwa hiyo msiondoke hapo mkaenda kuchuma kuni. Kibonyezo cha nne hakifanyi kazi sababu ya ulimi wake.

Sasa niseme juu ya lile swali. Mtu akishatuma dosie anarudi baada ya siku chache. Anasimama mlangoni, anasalimia, anauliza habari za mvua, kisha linatoka: "Dada, niko na chance?" Papa Kubuya alikuwa na jibu moja kwa wote. Alisema, "Nani anajua?" na kuendelea kupiga kompyuta. Mimi sikuweza. Nilipima kila dosie kichwani usiku na mchana. Niliangalia asilimia ya diploma, sehemu aliyosomea, kama kopi ilitoka safi, kama kwenye picha amefunga kifungo cha juu, kama kuna ndugu anayefahamika ndani ya ile shule. Nilipima hata ukimya. Jibu likichelewa, labda wanamfikiria kwa makini, ao labda dosie imeanguka nyuma ya kabati. Niliamka na jibu moja nikalala na lingine.

Mwishowe nikapata namna ya kuwaambia watu bila kuwadanganya. Niliwaambia kuna dosie za maharagwe na dosie za muhogo. Maharagwe yanaonekana. Ukitazama majani unajua kama utavuna. Muhogo unakaa chini, majani yanaweza kuwa mazuri na mzizi umeoza, na hutajua mpaka siku ya kung'oa. Watu walielewa mara moja, wote ni wakulima. Wakaanza kuulizana sokoni, "Wewe yako iko ya nini?" na aliyekuwa na dosie ya maharagwe alitembea kifua mbele.

Ya Hangi ilikuwa ya muhogo.

Hangi ni kijana wa Kirolirwe, mtoto wa kwanza wa mama mjane tunayemwita Mama Hangi. Alimaliza sekondari upande wa biokemia na asilimia hamsini na nane, kisha akaenda kwenye machimbo ya Rubaya kubeba mizigo ya koltani, yale mawe ya madini. Hachimbi. Anachukua gunia kutoka mdomo wa shimo na kuliteremsha mlimani kwa mgongo, kwa miguu, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Siku moja mwenzake alipasuliwa mguu na jiwe, Hangi akambeba mpaka kituo cha afya, na muuguzi akamruhusu ashike taa wakati anashona. Tangu siku hiyo alitaka uuguzi tu. Tulituma dosie yake kwenye shule moja ya uuguzi ya Goma ambayo sitaitaja jina. Aliniambia wazi kwamba ni mwaka huu ao basi. Wadogo zake wawili walikuwa wanakaribia umri wa kubeba, na mwenye shimo alikuwa ameanza kumtaka aingie ndani achimbe. Waliokwisha kuingia ndani hawarudi kwenye madaftari. Hilo nalijua, nimewapangia dosie wengi wao kabla hawajaingia.

Kila aliposhuka kutoka Rubaya alipitia sekretaria. Kila Mama Hangi alipokwenda shamba alipitia pia, akiuliza iko na maana gani kama hawajibu. Nilimwambia ukweli, kwamba asilimia ya mwanawe si ya kumkataa wala ya kumvuta, kwamba picha ni nzuri, kwamba hatuna mtu ndani. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za ugonjwa wa mbali.

Siku ile nilikuwa juu kwenye nguzo, simu ikalia mara mbili. Jumbe mbili kutoka namba moja ya Goma. Wa kwanza ulikuwa na jina la Solange, binti wa Papa Bwira, mkulima wa maharagwe wa ng'ambo ya kijito; binti huyo aliomba shule ile ile. Wa pili ulikuwa na jina la Hangi. Baada ya kila jina kulikuwa na neno moja tu la Kifaransa: Reçu.

Ninyi mliosoma mnajua balaa ya neno hilo. Karatasi ikifika mezani mwa mtu ni reçu, imepokelewa. Mwanafunzi akikubaliwa shuleni ni reçu, amepokelewa. Hata kile kikaratasi unachopewa dukani ni reçu. Na Kiswahili hakinisaidii, nacho kinapokea dosie na kupokea mtu kwa neno moja. Nilikaa chini kwenye nyasi, ng'ombe akanisogelea, sikumfukuza. Nilisoma yale maneno mawili mpaka betri ikalalamika. Ndipo nilipoona. Solange ni mwanamke. Kama wangempokea yeye, wangeandika reçue, yenye e mwishoni. E haikuwapo. Kwa hiyo kilichopokelewa ni dosie, na kwa kuwa mkono ni mmoja, saa ni moja na neno ni moja, ya Hangi nayo ni dosie tu. Nilifurahi kidogo, nakiri, kama mtu aliyepata hesabu.

Nilipoteremka nilikuta mtoto wa jirani aliyesikia simu ikilia amekwisha kueneza kwamba majibu yamefika. Nilimsomea Papa Bwira ujumbe kama ulivyo. Sikumaliza kueleza. Mama mmoja alikuwa na kopo la poda ya watoto, na kwetu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, basi Solange akamwagiwa mpaka nywele, shingo na kanga vyote vikawa vyeupe. Wakaanza kuimba. Nikapenya mpaka kwa baba yake.

"Papa Bwira, ngoja kwanza. Kwa mwanamuke wanaandikaka na e mwisho. Hapa e haiko. Ni dosie njo ilipokelewa, si Solange."

"Dada Noëlla, nani anahangaikaka na e kwenye telefone?"

"Muntu wa shule kuu, Papa."

"Muntu wa shule kuu naye anasikiaka njaa saa sita, anataka amalize aende kula." Akawageukia watu. "Dada huyu, ukimuletea ng'ombe atauliza kama mukia yake iko na maandishi."

Walicheka sana. Hata mimi nilicheka, maana ni kweli ningeuliza. Solange alinitazama, kope zake nyeupe kwa poda. Asubuhi yake aliondoka nyuma ya pikipiki ya motari anayepeleka maziwa Goma, amekaa kati ya madumu na begi mapajani.

Hangi alifika siku mbili baadaye. Hakushangilia. Alichukua simu akasoma mwenyewe, akanirudishia.

"Dada, mimi niko mwanaume," akasema. "Ile e hainiangalie."

Nilikuwa nimelifikiria hilo, kwamba e haimhusu mwanaume. Nikamweleza juu ya mkono mmoja na saa moja. Nikamwambia anayeandika reçu kwa Solange bila e haongei juu ya watu, anaongea juu ya makaratasi, na makaratasi ya Hangi yako kwenye meza ile ile. Wataita tena. Akienda sasa, atafika dirishani waseme rudi kwenu ungoje, naye Goma hana pa kulala, na Rubaya nafasi yake kwenye kundi la wabebaji itachukuliwa na mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nayo kweli, na ninayo mpaka leo.

Mama yake, aliyekuja naye, alishusha pumzi. Alikuwa akiogopa ile njia. Hangi akapanda tena Rubaya.

Wiki iliyofuata njia ya Sake, ile tunayopita kwenda Goma, ilifungwa na vita. Hamhitaji niwaeleze inavyofungwa. Kwanza motari wa maziwa wanarudi na madumu yamejaa, kisha hawarudi. Halafu usiku mmoja tukasikia milio mbali, na asubuhi nguzo ya uzio ikawa nguzo tu, kwa sababu antena ya mtandao ilikuwa imenyamaza. Tulikimbilia milimani siku kadhaa, tukarudi. Papa Kubuya alikuwa amezika paneli kwenye shimo la mbolea na akaniambia nisiguse waya kabla hajanawa mikono. Nilipanda kwenye uwanja wa ng'ombe kila siku na kuining'iniza simu. Ng'ombe wenyewe walikuwa wamepungua.

Mtandao uliporudi, jumbe zilianguka zote pamoja. Mmoja ulitoka kwenye ile namba. Uliandikwa vizuri, kwa sentensi ndefu, na ulisema hivi: wale wote ambao dosie zao zilipokelewa wanaitwa kwa mahojiano, na asiyefika amejiondoa mwenyewe. Siku iliyotajwa ilikuwa imekwisha kupita.

Kwenye kisanduku cha ujumbe cha simu kulikuwa na sauti ya Solange, aliyokuwa amemtumia baba yake kupitia kwetu. Nilikaa nikaisikiliza nyasini. Alisema alipofika dirishani na mabaki ya poda shingoni, karani alimcheka. Akamwambia, mama, reçu ninawaandikia wote, ni dosie. Aliona haya kurudi Kirolirwe, na alipopata ujasiri wa kurudi njia ikawa imefungwa. Alikaa kwa shangazi yake. Kila siku alipita mbele ya ile shule kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Tangazo la mahojiano lilipobandikwa mlangoni, yeye alikuwa amesimama hapo. Watu wa Masisi na wa Walikale hawakufika hata mmoja, na shule ilikuwa na viti vya kujaza. Walimuuliza maswali machache. Ameanza masomo.

Asilimia ya Solange ilikuwa chini ya ile ya Hangi. Ninaijua, niliipiga pasi mimi mwenyewe.

Nilipiga ile namba nikiwa nimepiga magoti chini ya nguzo, simu ikining'inia, nikipaza sauti kuielekea. Mwanaume aliyeitika alikuwa na adabu. Nilimweleza njia, antena, Rubaya. Akasema anasikitika, viti vimejaa. Nikauliza kama dosie ya Hangi, ambayo iko kwao na ni safi, inaweza kungoja mwaka ujao. Akasema mwaka ujao alete mpya. Nikamuuliza pia juu ya ile e, sijui kwa nini. Akasema, "Mama, hiyo telefone ya ofisi iko ya zamani, inatumaka neno moja kwa wote."

Nilimwambia Papa Kubuya yote. Alikuwa anakoleza makaa ya pasi, hakuinua kichwa.

"Ungekosea," akasema, "ingekuwa afadhali."

Ndiyo maana siwezi kuwaachia kanuni. Nimefikiri sana nikitafuta moja, mnajua nilivyo. Kama ningewaambia muwatie watu moyo, nakumbuka wangapi walikwenda Goma kwa moyo tu wakalala vibarazani. Kama ningewaambia msome vizuri, basi mimi nilisoma vizuri. Nimejaribu pia kusema kama Papa Kubuya, nani anajua, lakini mwenye kuuliza amesimama mbele yako na anaona usoni mwako kwamba unajua kitu. Zile hesabu zangu zote za asilimia na vifungo na picha zilipima shule. Hazikupima barabara. Lakini barabara haina majani, na mzizi wake hakuna anayeung'oa. Fanyeni mnavyoweza. Msiache kupiga pasi.

Hangi alishuka kutoka Rubaya baada ya siku ya soko la kwanza. Habari za Solange alikuwa amezisikia njiani, Papa Bwira hawezi kuficha furaha na sina haki ya kumlaumu. Alikaa kwenye benchi la wateja na kuliangusha bega moja, lile la gunia, ambalo sasa linakaa chini kuliko lingine hata kama halina mzigo. Nilianza kueleza. Akanikata kwa upole.

"Dada, wewe ulisoma muzuri."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Niliitafuta, ningeipenda. Nikamwambia tutatuma tena, kwamba mwaka si mrefu, kwamba diploma haiozi. Akasema mdogo wake amekwisha kupanda naye Rubaya, anabeba kwenye nafasi yake. Yeye ameitwa ndani ya shimo. Kisha akatoa mfukoni picha mbili ndogo, zile zilizobaki kwenye dosie. Ndani yake amevaa koti la shemeji yake, kifungo cha juu kimefungwa, kama nilivyomwagiza. Na akatoa karatasi ya kuombea karte, kile kitambulisho cha mchimbaji, akaniomba niijaze kwa kompyuta, kwa sababu kule juu wanaandika kwa mkono na majina yanaharibika.

Niliweka karatasi kwenye mashine. Papa Kubuya alitoka nje akasema anaangalia paneli. Niliuliza mwaka wa kuzaliwa ingawa ninaujua. Niliuliza kazi, nikaandika.

"Hii inangojesha siku ngapi?" akauliza.

"Hii haina kungoja, Hangi. Wanaigonga mhuri pale pale."

Akaitikia kwa kichwa. Akasogea kwenye benchi aone kioo cha kompyuta vizuri.

"Basi jina uandike yote," akasema, "vile iko kwenye diploma."